Pakiti Mbili za Masala

1 Mei

Kwa Kiroboto, binti wa kaka yangu,

Nianze na salamu, maana sikulelewa porini. Hapa tu wazima. Mashine ya kusaga imepata mkanda mpya na inaunguruma vizuri, hivyo wanavyoniambia, mimi mwenyewe naisikia kwa miguu tu. Goti linanisumbua kwenye ngazi. Masikio ndiyo yale yale: nikipokea simu nasikia nyuki. Ndiyo maana nakuandikia, na pia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na haya ninayotaka kuyasema nataka uyasome mpaka mwisho ukiwa umekaa. Mama yako hajambo? Mpe salamu zangu, kama atazipokea.

Sasa.

Leo asubuhi nimefungua mashine, nikafunua kalenda ukutani. Unaijua kalenda yenyewe, umeipanga kwa mikono yako huko kwenye kiwanda chenu cha uchapaji: kila mwezi na pishi lake, na wenye duka la jumla wameigawa bure mji mzima. Mwezi wa kwanza nilijisifu kwa kila mteja aliyeingia na gunia. "Kazi ya mtoto wa kaka yangu hiyo!" Nilivimba kichwa, nakiri. Na mimi si mtu wa kuchungulia miezi ambayo haijafika. Basi leo ndiyo nimeiona Mei. Sahani ya tambi za pakiti, mayai mawili juu yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nywele, na maandishi makubwa: TAMBI ZA KIHINDI ZA BABA. Chini yake: "Hivi ndivyo marehemu baba yangu alivyozipenda."

Nikasoma. Chemsha tambi, usimwage maji, humo ndimo utamu ulimo. Tia masala ya pakiti, pakiti mbili kwa kila mtu. Ongeza chumvi ukionja haijakolea.

Chumvi! Kiroboto, una akili timamu? Baba yako, ambaye daktari alimkatalia chumvi mbele yangu na mbele ya mama yako kwa sababu ya presha na moyo? Ni nani aliyempikia hizo tambi miezi mitano, yeye akiwa kitandani hataki kula kitu kingine? Hakuwa baba yako, Mungu amrehemu, maana alikuwa hajui hata kiberiti kinakaa wapi. Nilikuwa mimi.

Na unajua naitwaje katika ukoo huu tangu azikwe. Naitwa yule aliyemlisha kaka yake chumvi mpaka moyo ukasimama. Miaka kumi na minne. Sikuwahi kutia hata chembe. Leo wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni, umekwenda kuuchapa uongo huo kwa rangi nne na kuutundika kwenye kila ukuta wa mji huu, na utakaa hapo siku thelathini na moja.

Nijibu. Pakiti mbili umezitoa wapi?

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi, shikamoo,

Nakuamkia ingawa barua yako imenipiga kofi kabla sijakaa. Mimi sijambo. Kazi ni nyingi, tunachapa vitabu vya shule na wino umetuingia mpaka kwenye kucha. Mama yupo, miguu inamvimba jioni lakini anatembea. Salamu zako nimempa. Alisema, "Haya."

Nimesoma mpaka mwisho, nikiwa nimekaa, kama ulivyoamuru. Sasa na wewe kaa.

Kalenda ile sikuipangia njama. Mapishi yalitakiwa kumi na mawili. Mwokaji keki aliyeahidi la Mei alituzimia simu, na mkuu wa kiwanda akaja kwenye meza yangu akasema, "Wewe, una siku mbili, andika chochote unachokula nyumbani." Nikaandika. Unajua nyumbani kwangu kuna nini? Chumba kimoja kando ya cha mama, jiko la mafuta, na mtu anayerudi kazini amechoka. Nakula tambi za pakiti na mayai mara nne kwa wiki. Nikaandika ninachokula, nikakiita jina la baba kwa sababu ndivyo ninavyokiita mwenyewe. Na mayai yalipakwa mafuta kweli, mpiga picha ndiye aliyeyapaka, kisha akayala.

Lakini shangazi, umenionea. Unaniita mwongo! Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wewe unakumbuka jikoni kwako, mimi nakumbuka chumbani kwake. Nilikuwa nakaa kwenye ukingo wa kitanda, na yeye anakula, na hiyo ndiyo saa moja ya siku ambayo alikuwa anacheka. Sina kitu kingine cha baba. Saa yake aliichukua baba mdogo, viatu vilimtosha jirani. Mimi nina ile sahani. Sasa na sahani nayo unataka kunipokonya uniambie si yangu?

Baba hakuwa wako peke yako. Na hizo ni tambi tu, shangazi. Juni inakuja, watu watafunua ukurasa, watakuta maharage, watasahau.

Kiroboto


27 Mei

Kiroboto,

Salamu zipo, lakini leo ni fupi. Paka amezaa kwenye gunia la pumba, watoto wanne. Goti vilevile.

Ati tambi tu?

Ngoja nikuambie hizo tambi tu. Daktari alipokataza chumvi, kaka yangu aligoma kula. Mwanaume mzima, analia sahani ikifika! "Dada, mdomoni mwangu kumekufa." Nikazunguka nayo kichwani wiki nzima. Wakati ule tulikuwa tunamsagia viungo mama mmoja wa Kihindi, jirani wa mashine. Nikamwuliza, nifanyeje chakula kisicho na chumvi kikubali kupita kooni? Akanishika mkono, akaniingiza jikoni kwake. Alinifundisha kwamba viungo havimwagwi kwenye maji. Vinaamshwa kwanza kwenye mafuta.

Basi andika, wewe mwenye kiwanda. Tambi unazichemsha peke yake dakika mbili, na maji yake unayamwaga, yote, kwa sababu zenyewe zimetiwa chumvi kule zinakotengenezwa. Unakaanga bizari nyembamba mpaka ilie. Kitunguu mpaka kibadilike rangi. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi mbili, manjano, giligilani niliyoisaga mwenyewe. Nyanya mpaka ipondeke. Ndipo unarudisha tambi, unazigeuza, unachimba vishimo viwili, unapasulia mayai humo, unafunika, na unaondoa mkono wako! Usikoroge. Mwisho kabisa ndimu nzima. Ile ndimu na pilipili ndizo zilizoudanganya ulimi wake. Na kile kipakiti cha masala kinachokuja ndani ya tambi, ambacho nusu yake ni chumvi, nilikuwa nakitupa kwenye ndoo ya taka. Kila siku, miezi mitano, nilitupa.

Wewe ndiye uliyekuwa unakuja kuchukua bakuli ukitoka shule, unampelekea. Unakumbuka? Na nilipokuonjesha ulikunja uso, ukasema "hazina chumvi, shangazi." Kwangu hukuwahi kuonja tambi zenye pakiti mbili. Mama yako hakuwahi kuzipika, alikuwa hataki hata kuzisikia. Kwa hiyo nakuuliza tena, na mara hii usinizungushe na habari za wapiga picha. Hiyo ladha uliionja wapi?

Nakuuliza kwa sababu tangu tarehe moja wateja wananiangalia. Juzi mshona viatu, mtu mzima mwenye heshima zake, amesimama chini ya kalenda na debe lake la mahindi, akasoma mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ndizo hizi." Nikamwona midomo. Ndizo hizi! Siku ya matanga mama yako alisimama katikati ya uwanja, akaninyooshea kidole: "Huyu ndiye aliyemlisha." Nikatoka kwa mlango wa nyuma na sijarudi kwenye ile nyumba. Sikujitetea, kwa sababu mjane siku ile hajibiwi. Nilidhani ukweli utajitokeza wenyewe. Badala yake imetokea kalenda.

Wachapishe karatasi ya kurekebisha. La sivyo nakuja huko kwa mkuu wako wa kiwanda, na unajua mimi sisikii, kwa hiyo hatanibembeleza.

Shangazi


11 Julai

Shangazi, shikamoo,

Usikasirike kwa kuchelewa. Kasirika kwa hayo mengine. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana mara tatu.

Mama hajambo. Mimi nimepandishwa cheo, sasa nakagua kurasa kabla hazijaingia mtamboni. Hongera ziache kwanza.

Ulikuwa unatupa vipakiti kwenye ndoo ya taka bila kuvichana. Mimi nilikuwa nafika, wewe unafunga bakuli kwa kitambaa, kisha unakwenda kuizima mashine ili tuagane tukisikilizana. Ile dakika uliyogeuza mgongo, nilikuwa natia mkono kwenye ndoo. Vilikuwa viwili kila siku, kwa sababu ulikuwa unampikia pakiti mbili za tambi. Nilivificha kwenye soksi.

Ni yeye aliyenituma. Alisema, "Shangazi yako anapika vizuri lakini anaogopa madaktari. Niletee ile masala. Usimwambie yeye, usimwambie mama." Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hawezi kuchana, kwa hiyo nachana mimi, namnyunyizia mimi, nachanganya kwa kijiko. Kisha yeye anakula na mimi nalamba kipakiti. Ndiyo hiyo ladha, shangazi. Niliionja hapo.

Siku zile nilikuwa najiona mtu mkubwa. Yaani baba na mimi tuna siri! Alikuwa ananikonyeza mama akipita. Halafu akafa, na siku ya matanga mama akasimama akakunyooshea kidole wewe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mapipa ya maji. Nilikuona ukitoka. Mdomo wangu ulikuwa wazi lakini sauti haikuja, na kesho yake haikuja, na baadaye ikawa miaka.

Mkuu wa kiwanda aliposema niandike ninachokula nyumbani, ningeweza kuandika wali. Niliandika pakiti mbili. Nilisoma ukurasa ule mara sita, nikauacha upite kila mara. Nadhani nilitaka mtu auone. Halafu ulipouona nikakutukana, nikakuambia baba hakuwa wako. Aibu imenijaa mpaka nashindwa kumaliza sentensi.

Hukumlisha chumvi. Nilimlisha mimi. Nitamwambia mama. Nimechoka kumsikia akisema "haya" kila nikimpa salamu zako.

Mtoto wako, kama bado


20 Julai

Kiroboto, mwanangu,

Barua yako imefika jana mchana. Nimezima mashine, nimefukuza wateja, nimesema mota imeungua.

Kwanza nimemlaani kaka yangu. Nimemlaani kwa sauti, na kwa kuwa sijisikii nadhani mtaa mzima umesikia. Mtu huyu! Mimi nasimama kwenye moshi na pilipili machoni, nasaga giligilani kwa mkono kwa sababu ile ya mashine inanuka mahindi, naubembeleza ulimi wake kama mtoto mchanga, naye ananisifu, "Dada, leo umepatia!" Kumbe umepatia ni masala ya kwenye soksi! Na anamtuma nani? Hakumtuma jirani, hakumtuma rafiki zake waliokuwa wanakuja kummalizia chai. Anamtuma mtoto, anamkonyeza, anamfanya ajione mkubwa. Angekuwa hai ningempiga na mwiko, nakuapia. Nimekasirika naye leo kuliko siku aliyokufa.

Sasa sikiliza wewe. Mtoto wa miaka kumi na moja akitumwa na baba yake anakwenda. Muuguzi aliniambia mimi mwenyewe, mwezi mmoja kabla, kwamba moyo wa kaka yangu umevimba na hautarudi, ale asile. Ile chumvi huenda ilimwondolea wiki, huenda siku, huenda haikumwondolea kitu. Hakuna anayejua na wewe hujui. Hukumuua mtu. Sitaki kuliona neno "nilimlisha mimi" kwa mwandiko wako tena, umenisikia? Na mimi ningevichana vile vipakiti kabla ya kuvitupa. Nilikuwa naona uvivu.

Mama yako usimwambie. Hii ni amri. Ana miguu inayovimba na mtoto mmoja. Akijua atakutazama vipi mezani? Mimi nimeshazoea. Nina mashine yangu, nina paka watano, watu wakininong'ona siwasikii. Hilo jina nimelivaa miaka kumi na minne na halijaniua.

Karatasi ya kurekebisha iache. Mei imeshapita.

Ndiyo, bado wewe ni mtoto wangu. Swali gani hilo!

Shangazi


25 Julai

Shangazi, shikamoo,

Amri yako imenikuta nimeshaasi. Nilimwambia Jumapili tarehe kumi na tatu, siku mbili baada ya kukuandikia, na barua yako imeingia leo.

Mama alikuwa anakunja nguo. Nilimwambia yote, soksi, ndoo, kijiko, nikasubiri anipige au aanguke. Aliendelea kukunja. Alimaliza shuka, akachukua foronya. Akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza tangu lini, akasema tangu wiki ile ile. Juzi akaomba kalamu. Karatasi aliyoandika nimeiweka ndani ya bahasha hii. Sijaongeza wala kupunguza.

Mimi sijui nimkasirikie au nimkumbatie. Nimelala kwa rafiki yangu tangu juzi. Niambie wewe nifanye nini.

Kiroboto

*

Wifi,

Siku ya matanga nilisema nikiamini. Siku ya tano nikafua sare ya mtoto, nikakuta vipakiti vitupu kwenye mfuko wa sketi, tisa, vimekunjwa vidogo vidogo. Nikavitia motoni. Nikajua nimekuonea. Lakini watu walikuwa wameshaambiwa ni wewe, na kama nikisema si wewe, wangeniuliza ni nani basi. Alikuwa na miaka kumi na moja. Nikakuacha hapo ulipo. Sina la kujitetea.


9 Agosti

Kiroboto,

Rudi nyumbani kwa mama yako. Hilo ndilo jibu la swali lako, na uende leo.

Karatasi yake nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka ajue. Mara ya kwanza nilitaka kupanda basi nije kumtukana hapo hapo kwenye foronya zake. Miaka kumi na minne! Nilidhani alikuwa ananikwepa sokoni, miaka yote kabla hamjahamia huko, kwa sababu ananichukia. Nilikuwa najiambia, muache, ana uchungu, anaamini nilimuulia mume. Nilikuwa namhurumia! Kumbe alikuwa ananikwepa kwa sababu anajua. Alikuwa akiniona mbele anahamia upande wa pili wa barabara na kikapu chake, na mimi napunguza mwendo ili asipate tabu ya kuhama. Mjinga mimi.

Sasa mwambie hivi, na usilainishe neno hata moja. Mwambie kwamba kukukinga wewe simlaumu. Kati ya mtoto na mtu mzima, mtu mzima ndiye wa kubeba, hapo hatubishani. Kinachonichoma ni kwamba hakuniambia. Dakika tano tu. Angekuja na vile vipakiti mkononi, akasema, "Wifi, nimekuta hivi kwa mtoto, nifanyeje?" Unadhani ningesema nini? Ningesema vichome, na watu waache waseme ni mimi. Ningeshika jina hilo kwa mikono miwili, nikazeeka nalo, nikalala usingizi. Ningekuwa na wifi yangu. Ningekuwa nawe, ningekufundisha kupika vizuri, usingekula hayo maji ya chumvi mara nne kwa wiki. Yote hayo nimenyimwa kwa sababu ya sentensi moja ambayo hakutaka kuitoa.

Samahani ya karatasi siipokei. Nimekasirika na hasira hii ni mbichi. Itabidi aje aikute mlangoni, kwa miguu yake, hata kama imevimba. Nafunga mashine saa kumi jioni ili niweze kumsoma midomo.

Mwambie aje aniombe nimbebee jina hilo. Najua nimeshabeba. Aje aniombe hivyo hivyo.

Shangazi yako